KIWANDA CHA NYUMBANI NA KIWANDA CHA GHUBA: KIPI KINAKUHARIBIA MAPAFU?



Wiki hii tunaingia katika suala ambalo husikika sana kwenye baraza zetu hapa Al Amerat, khasa baada ya magharibi watu wanaporudi makazini. Mmoja atasema, "Viwanda vya huku ni safi, kila kitu kwa sheria, si kama kwetu." Mwengine atamjibu, "Safi gani? Kikohozi hiki nimekipata hapa hapa." Wa tatu ataapa kwamba viwanda vya Dubai na Ras al Khaimah ni bora kuliko vya Oman, na wa nne atasema Tanzania wana afadhali kuliko Kenya. Kila mmoja ana ushahidi wake, na kila mmoja anaamini nchi yake au nchi aliyofanyia kazi.

Mabishano haya ni muhimu kwa afya yako. Mtu anayeamini kwamba kiwanda ni salama kwa sababu tu kipo Ghuba hafungi kitambaa wala havai barakoa. Na mtu anayeamini kwamba cha nyumbani hakiponyeki hamuulizi ndugu yake aliyeko Mombasa au Dar es Salaam mtoto anacheza wapi. Leo tulinganishe viwanda kama inavyotakiwa, kisha tuone wewe na familia yako mfanye nini.

KIWANDA KINATOA NINI KINACHOINGIA MWILINI?

Kabla ya kulinganisha ni lazima tujue tunalinganisha nini. Moshi mweusi si kipimo. Mambo matatu ndiyo yanayotuhusu zaidi sisi tunaofanya kazi za saruji, mawe, vyuma na betri.

La kwanza ni vumbi. Vumbi unaloliona kwenye meza si baya kama lile usiloliona. Upana wa unywele wa mtu ni kama maikroni 50 hadi 70 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Chembe za maikroni 10 kwenda chini hupita puani na kooni, na zile za maikroni 2.5 kwenda chini hufika mwisho kabisa wa mapafu na nyengine huingia kwenye damu. Wataalamu huziita PM10 na PM2.5. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipunguza kiwango cha PM2.5 linachoshauri kwa wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Ndani ya vumbi la mawe na zege mna silika. Mtu akiivuta kwa miaka hupata ugonjwa wa silikosisi, yaani mapafu hujaa makovu na kuwa magumu. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, na mwenye nao hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwengine. Tangu mwaka 1997 silika ya aina hii imo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binaadamu.

La pili ni gesi. Kiwanda cha saruji, cha kuyeyusha vyuma au cha kusafisha mafuta hutoa gesi za salfa na naitrojeni. Hizi ndizo zinazochoma koo na macho, na ndizo zinazomuamsha usiku mwenye pumu.

La tatu ni madini mazito, na mkubwa wao ni risasi. Hapa hatusemi risasi ya bunduki, tunasema lile dini lililomo ndani ya betri za gari. Hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Tumbo la mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya tumbo la mtu mzima, na inapofika kwenye ubongo hupunguza akili na usikivu, na kilichopotea hakirudi.

SHERIA ZIPO KILA NCHI

Wengi hulinganisha nchi kwa kusema, "Huku kuna sheria, kwetu hakuna." Hebu tutazame.

Kenya ilitunga sheria yake kuu ya mazingira mwaka 1999, na kanuni za ubora wa hewa mwaka 2014. Tanzania Bara ilitunga sheria yake mwaka 2004, na kanuni za viwango vya hewa mwaka 2007. Oman ina Amri ya Kisultani namba 114 ya mwaka 2001 kuhusu kuhifadhi mazingira na kuzuia uchafuzi, na kanuni ya mwaka 2004 kuhusu moshi wa viwandani. Imarati wana sheria ya mwaka 1999, na kanuni ya hewa ya mwaka 2006.

Umeona? Majirani wote wanne wana sheria, na zimetungwa karibu miaka ile ile. Kwa hiyo ukilinganisha karatasi kwa karatasi hutapata jawabu. Tofauti iko mahali pengine: nani anapima kinachotoka kwenye dohani, anapima mara ngapi, matokeo anaonyeshwa nani, na kikizidi kiwango nini kinatokea siku ya pili yake. Tuchukue mifano.

MFANO WA KWANZA: BETRI, MOMBASA NA TANZANIA

Katika mtaa wa Owino Uhuru, upande wa Mikindani mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za gari kilianza kazi mwaka 2007. Mtaa huo ni wa watu kiasi cha 3,000, na kiwanda kilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba zao. Kumbuka kwamba sheria ya mazingira ya Kenya ilikuwa imeshatimiza miaka 8, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwepo.

Bibi mmoja aliyeajiriwa hapo, Phyllis Omido, alikuta mtoto wake wa kunyonya ana risasi kwenye damu. Hapo mwanzo madaktari walidhani ni maradhi mengine. Alianza kuwahamasisha majirani wapimwe, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ikaona kwamba kiwanda na vyombo vya serikali vyote vina lawama. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabu mwenyewe: kutoka kiwanda kuanza mpaka hukumu ya mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni kijana mzima.

Je, Tanzania walikuwa na afadhali? Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliopima udongo nje ya viwanda 16 vya kutengeneza na kuyeyusha betri katika nchi 7 za Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania. Viwanda hivi vyote vilikuwa na ruhusa ya serikali, si vya uchochoroni. Asilimia 81 ya sampuli za udongo zilikuwa na risasi zaidi ya miligramu 80 kwa kila kilo moja ya udongo. Kwa hiyo anayevuka mpaka wa Lunga Lunga kwenda Horohoro asidhani ameiacha risasi nyuma.

Somo hapa ni kwamba leseni haimaanishi kuwa kiwanda ni salama. Pia kiwanda kidogo kinaweza kuwa hatari kuliko kikubwa. Kiwanda cha saruji chenye dohani refu kinaonekana kutoka mbali na kila mtu anakilaumu, lakini kile kibanda cha kuyeyusha betri nyuma ya nyumba ndicho kinachoharibu akili za watoto.

MFANO WA PILI: SARUJI, BAMBURI, WAZO HILL NA RUSAYL

Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza mwaka 1966. Hapa Muscat tunacho cha Oman Cement upande wa Rusayl, ng'ambo ya milima yetu. Vyote vitatu hufanya kazi moja: husaga mawe ya chokaa, huyachoma kwenye tanuri kwa joto la nyuzi kama 1,450, kisha husaga tena. Tofauti zao zinatufundisha mengi.

Kwanza ni mafuta ya tanuri. Rusayl huchoma gesi asilia. Wazo Hill nao waliunganishwa na gesi ya Songo Songo katika miaka ya 2000. Viwanda vya saruji vya Kenya havikuwa na gesi hiyo, vimetegemea sana makaa ya mawe kutoka nje. Gesi hutoa masizi na salfa kidogo kuliko makaa. Kwa hiyo kwa kipengele hiki Tanzania na Oman zinafanana kuliko Tanzania na jirani yake Kenya! Lakini angalia: gesi haipunguzi vumbi la kusaga mawe. Moshi unaweza kuwa safi na vumbi likabaki pale pale.

Pili ni vichujio. Kuna vinavyokamata vumbi kwa nguvu za umeme, na kuna mifuko mikubwa ya kitambaa inayolichuja. Cha umeme, umeme ukikatika au ukiyumba, hakikamati kitu. Kwa hiyo mashine ile ile iliyonunuliwa nchi moja inaweza kufanya vizuri Muscat na vibaya mahali penye mgao wa umeme. Mifuko nayo hutoboka, na isipobadilishwa ni kama haipo.

Tatu ni ardhi. Bamburi wanasifika kwa kazi aliyoianza René Haller mwaka 1971: mashimo ya machimbo yalipandwa mivinje, leo ni bustani yenye miti na wanyama ambayo watalii wanaijua kama Haller Park. Ni kazi nzuri, na nchi jirani zingefaa kuiga. Lakini bustani ni ya ardhi, haituelezi chochote kuhusu hewa. Usikubali kuonyeshwa miti ukauliza kuhusu vumbi.

Nne ni hesabu. Tuseme kiwanda A kinatengeneza tani milioni 1 kwa mwaka na kutoa tani 100 za vumbi. Kiwanda B kinatengeneza tani 200,000 na kutoa tani 60. Msemaji wa A atasema, "Sisi ni wasafi, gramu 100 tu kwa kila tani, wenzetu gramu 300." Ni kweli. Lakini jirani anayeishi karibu na A anapata tani 100, na wa B anapata 60. Hesabu ya kwanza inapima ufundi wa kiwanda, ya pili inapima mzigo unaomfikia jirani. Wewe mkaazi uliza ya pili.

MFANO WA TATU: SOHAR NA MILIMA YA HAJAR

Sasa wale wanaosema "huku hakuna tatizo". Bandari na viwanda vya Sohar vilijengwa kuanzia mwaka 2002: kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza mwaka 2006, cha aluminiamu mwaka 2008, na vyengine vingi. Ni viwanda vipya, vyenye mitambo ya kisasa. Watafiti walichukua kumbukumbu za vituo vya afya za watoto na vijana, wakawalinganisha wanaoishi ndani ya kilomita 10 na wale wa kilomita 20 na zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: walio karibu walikwenda hospitali kwa maradhi ya kifua kama mara mbili na nusu ya wenzao, na kwa pumu zaidi ya mara tatu. Macho na ngozi pia.

Kwa hiyo upya wa mitambo hautoshi. Umbali ni dawa pia, na viwanda vingi mahali pamoja hujumlisha moshi wao hata kama kila kimoja peke yake hakijavuka mpaka.

Kuvuka mpaka kwenda Imarati utakutana na milima ile ile ya Hajar. Huko Ras al Khaimah na Fujairah mawe yamevunjwa kwa wingi kujenga Dubai na visiwa vyake vya kutengenezwa. Mashine za kusaga kokoto ziko pande zote mbili za mpaka, na vumbi halina pasi wala halisimami kwenye kituo cha uhamiaji. Ndugu anayefanya kazi upande ule na wewe unayefanya upande huu mnavuta mlima mmoja. Kinachowatofautisha ni kama mwenye mashine anarushia maji mawe kabla ya kuyasaga na kama amefunika mikanda inayobeba kokoto. Na hilo unaweza kuliona kwa macho yako kutoka barabarani.

Kuna mtego mmoja katika kulinganisha Ghuba na Afrika Mashariki. Nchi zetu hizi za jangwa zina vumbi la asili linaloletwa na upepo, kiasi kwamba hata pasipo na kiwanda kipimo huvuka kile cha WHO mara kadhaa. Kwa hiyo mwenye kiwanda atasema, "Hilo ni la jangwani." Njia ya kumjua mkweli ni kupima pande mbili: upande upepo unakotoka kabla ya kufika kiwandani, na upande unakokwenda baada ya kupita. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo ya kiwanda.

MASWALI SITA YA KULINGANISHA

Ukitaka kujua kiwanda kipi kina afadhali, iwe Tanga au Sohar, Athi River au Fujairah, uliza haya:

1. Kinatoa nini hasa: vumbi, gesi au risasi? Usilinganishe saruji na betri.
2. Nani anapima? Kiwanda chenyewe, au mtu asiyelipwa nacho?
3. Kinapimwa kila saa kwa chombo kilichofungwa kwenye dohani, au mara moja kwa mwaka siku ya ukaguzi?
4. Matokeo yanaonyeshwa kwa wananchi? Kwa Oman, Mamlaka ya Mazingira iliyoundwa mwaka 2020 ina jukwaa la Naqi linaloonyesha hali ya hewa ya vituo vyake. Kwetu Afrika Mashariki vituo vya kupima mfululizo bado ni vichache.
5. Nyumba na skuli ya karibu ziko umbali gani, na upepo unaelekea wapi?
6. Mfanyakazi wa ndani anapimwa kifua na damu? Kiwanda kisichojali aliye ndani hakiwezi kumjali aliye nje.

Kiwanda chenye majibu mazuri kwa maswali yote sita ndicho safi, bendera yoyote iwayo juu yake.

WEWE UNAYEISHI AL AMERAT UFANYE NINI?

Al Amerat imezungukwa na milima. Katika mabonde kama haya, asubuhi za miezi ya baridi hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na vumbi na moshi hubaki vimelala chini mpaka jua lipande. Kwa hiyo kama una pumu au unafanya mazoezi ya kutembea, na karibu yako pana sanaiya, machimbo au barabara ya malori, usitoke alfajiri hizo. Subiri hewa ifunguke.

Kama unafanya kazi ya mawe, marumaru, matofali ya saruji au kubomoa:

- Kata na toboa kwa maji. Maji yanazuia vumbi kuliko barakoa yoyote.
- Kitambaa cha shingoni na barakoa nyembamba za hospitali hazizuii silika. Tafuta zenye alama ya N95 au FFP2 na kuendelea. Ndevu huacha nafasi hewa ipite pembeni. Kama hutaki kunyoa, na ni haki yako, muombe msimamizi kifuniko cha kichwa kizima kinachopulizwa hewa safi.
- Usijipulize vumbi mwilini kwa pampu ya upepo. Unalirusha tena hewani ukalivuta.
- Saruji mbichi inachoma ngozi. Ikiingia ndani ya buti osha papo hapo, usingoje saa ya kutoka.

Kama unafanya kazi ya betri, rangi za zamani au kuyeyusha vyuma:

- Nguo za kazi zisiingie nyumbani. Badilisha na oga kazini. Kama haiwezekani, zitie kwenye mfuko, zisikung'utwe, na zifuliwe peke yake, si pamoja na za mtoto.
- Usile, usinywe wala kuvuta sigara kabla ya kunawa mikono na uso kwa sabuni.
- Usimpakate mtoto kabla hujaoga. Tunajua anakukimbilia mlangoni. Mwache mama amshike dakika kumi.

Nyumbani futa vumbi kwa kitambaa kibichi, usifagie kwa ufagio mkavu. Safisha kichujio cha kiyoyozi. Mpe mtoto chakula chenye madini ya chuma na chokaa, kama vile mboga za majani, kunde, dagaa na maziwa, kwani mwili wenye upungufu wa madini haya hunyonya risasi zaidi.

Na tusilaumu kiwanda peke yake. Wanja wa manga wa aina nyengine umetengenezwa kwa risasi tupu, na sisi tunawapaka watoto wachanga! Ubani na udi katika chumba kilichofungwa ni moshi kama moshi mwengine, na mtoto mwenye pumu huanza kubanwa. Fungua dirisha, na mwenye pumu asikae chumba hicho.

WAKATI WA KUMUONA DAKTARI

Muone daktari ukiwa na kikohozi kilichozidi wiki 3, ukihema kwa kupanda ngazi ulizokuwa ukizipanda bila shida, ukitema damu, ukipungua uzito au ukitoka jasho la usiku. Kwa mtoto, angalia kuumwa tumbo mara kwa mara, kufunga choo, kupungukiwa damu, na kuchelewa kusema au kusahau alichokijua.

Jambo kubwa: mwambie daktari kazi unayofanya. Wengi wetu husema tu "kikohozi", tunapewa dawa ya maji tukaenda zetu. Sema, "Nakata mawe miaka 6," au "Mume wangu anafungua betri." Hapo ndipo atafikiria picha ya kifua, kipimo cha kupuliza, au kupima risasi kwenye damu. Kwa risasi, WHO inashauri kwamba mtu mwenye maikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita ya damu atafutiwe chanzo na kiondolewe. Dawa za kutoa risasi mwilini ni za viwango vikubwa na hutolewa na daktari. Usinunue mitaani.

Na nasaha hii iwekeni akilini: ile picha ya kifua uliyopigwa ulipokuwa unaomba visa ya Ghuba, tafuta nakala uitunze. Miaka 5 baadaye ndiyo itakayoonyesha mapafu yako yalikuwaje ulipoingia.

Tunajua kwa nini wengi hunyamaza. Mtu anaogopa kafili wake, anaogopa kurudishwa, na nyumbani kuna ada za skuli zinangoja. Hatukwambii ukagombane. Andika tarehe na hali uliyoipata, tunza vyeti vya daktari, zungumza na wenzako muwe zaidi ya mmoja, kisha ulizeni kwa adabu vifaa vya kujikinga. Hiyo ni haki ya mfanyakazi, si fadhila. Ikishindikana, Wizara ya Kazi na ubalozi wako vipo kwa ajili hiyo.

UKIPIGA SIMU NYUMBANI

Usiishie kuuliza kama pesa zimefika. Uliza: karibu na nyumba pana mtu anayeyeyusha betri? Watoto wanacheza wapi? Kiwanja kile mnachotaka ninunue kilikuwa cha nini zamani? Wengi wetu tunajenga kutoka huku kwa picha za simu, na kiwanja cha bei rahisi kando ya kiwanda kina sababu ya kuwa rahisi. Kabla ya kutuma pesa, mtu aende akasimame pale mchana na usiku, na aulize majirani kuhusu vikohozi vya watoto wao.

Ndugu msomaji, turudi kwenye ule ubishi wa barazani. Kiwanda cha Ghuba na cha nyumbani havishindani kwa jina la nchi. Rusayl na Wazo Hill vimekaribiana kwa gesi, Mombasa na Tanzania zimefanana kwa risasi, na Sohar pamoja na mitambo yake mipya imewapa kazi madaktari. Mapafu yako hayajui yako Oman au Kenya. Yanajua kinachoingia tu. Basi wewe ndiye uulize kinachoingia, kabla daktari hajakuuliza.

Afya ni bora kuliko mali, na mali bila ya pumzi haina mlaji. Mungu atupe sote afya njema. Tukutane katika makala ijayo inshaallah.